Haki Yako Iko London

Kifungu cha 19 kilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa, juu kidogo ya mahali pa kutia sahihi. Kilikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema mkataba huu utaongozwa na sheria ya Uingereza. Ya pili ilisema mzozo wowote utapelekwa mbele ya msuluhishi mmoja, jijini London, na shughuli zote zitaendeshwa kwa Kiingereza. Ya tatu ilisema kila upande utabeba gharama zake.

Najua unachotaka kuniuliza. Ndiyo, niliusoma. Nilisoma kurasa zote 14, mara mbili, nikaweka alama kwenye kifungu hicho na kuwaandikia barua pepe ya heshima nikiuliza kama tungeweza kuandika Nairobi badala ya London. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi: masharti haya ni sawa kwa watafsiri wetu wote duniani. Yaani, chukua ama uache. Nilikuwa na kodi ya nyumba Kasarani na ndugu yangu mdogo alikuwa ameanza muhula wa pili katika chuo cha ufundi Thika. Nikachukua.

Kazi yangu ni kutafsiri. Ukifungua programu fulani kwenye simu ikakuambia "Ombi lako limepokelewa" au "Tafadhali jaribu tena baadaye", kuna mtu mahali fulani aliyekaa usiku akiwaza kama "tafadhali" imezidi. Mara nyingi mtu huyo ni mimi. Wateja wangu karibu wote wako nje. Hatujawahi kuonana. Tunajuana kwa barua pepe, kwa ankara na kwa ule ujumbe mtamu wa benki unaosema pesa zimeingia.

Kwa miezi mitano hawa waliniletea ujumbe huo bila kuchelewa. Halafu meneja aliyekuwa akinipa kazi akaondoka, akaja mwingine, na ankara zangu tatu zikakwama. Jumla yake ilikuwa dola 3,180, yaani zaidi ya laki nne za Kenya. Mwanzoni nilijibiwa "tunashughulikia". Baadaye nikajibiwa na ile mashine ya kusema mhusika yuko likizo. Mwishowe sikujibiwa kabisa.

Nina rafiki tuliyesoma naye tangu kidato cha kwanza, ambaye sasa ni wakili. Siku hizi nikimwita jina lake haitiki, kwa hivyo namwita Wakili. Tulikutana kwenye kibanda kimoja nyuma ya ofisi yao, mahali ambapo mawakili wenye suti na makondakta hula madondo benchi moja. Nikampa mkataba. Akaanza kuusoma kuanzia mwisho. Nilidhani ni mbwembwe, kumbe ndivyo wanavyosoma.

"Kurasa hizi za mbele zinakuambia haki zako ni zipi," alisema akimega chapati. "Huu wa mwisho unakuambia ziko wapi."

"Sasa zangu ziko wapi?"

"London, mrembo."

Tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Nauli si lazima, kwa sababu siku hizi kikao kinaweza kufanyika kwa video. Lakini msuluhishi si hakimu wa serikali. Ni jaji wa kukodi. Wanaogombana ndio wanaomlipa, na anayeanzisha kesi huombwa atangulize pesa kabla faili haijafunguliwa. Halafu kuna wakili anayeijua sheria ya Uingereza, ambaye hulipwa kwa saa, tena kwa pauni. Kabla chai haijapoa, gharama ya kudai dola 3,180 ilikuwa imezipita dola 3,180 na bado ilikuwa inapanda.

"Na Milimani je?" niliuliza. Nilikuwa nimesikia habari za Mahakama ya Madai Madogo, ile iliyoanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kwenda bila wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Deni langu lilikuwa linaingia humo vizuri kabisa.

Wakili alinihesabia vizuizi kwa vidole. Cha kwanza ni Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995. Kama mliandikiana kwamba mzozo utaenda kwa msuluhishi, na mwenzako akaikumbusha mahakama mapema kabla hajaanza kujitetea, mahakama inasimamisha kesi na kuwaambia nendeni kule mlikokubaliana. Ina ruhusa ya kukataa kwa sababu chache tu, kwa mfano makubaliano yenyewe yakiwa batili.

Cha pili, hata kama kifungu kingetaja mahakama ya London badala ya msuluhishi, bado ningekuwa na kazi. Tangu kesi ya United India Insurance dhidi ya East African Underwriters, iliyoamuliwa na Mahakama yetu ya Rufaa mwaka 1985, msimamo ni kwamba watu wazima waliochagua mahakama watabanwa na chaguo lao. Anayetaka kulikwepa ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha sababu nzito.

Cha tatu ndicho kilichoniuma. "Tuseme umeshinda hapa," alisema. "Hukumu si pesa. Hukumu ni karatasi inayokuruhusu kwenda kuchukua mali ya mtu. Hawa mali yao iko wapi?"

Hawakuwa na ofisi Kenya. Hawakuwa na akaunti ya benki, gari, wala meza ambayo dalali wa mahakama angeibeba. Walichokuwa nacho Kenya ni wateja wenye simu, na mimi.

"Hawajakuibia," Wakili akasema. "Wameweka pesa zako mahali unapoziona na huwezi kuzifikia."

Jambo hili lilinikaa kichwani wiki nzima. Si hasira tu. Nilitaka kujua ni nani aliyebuni mpango wa namna hii, na kama ulibuniwa kwa ajili ya kuwaumiza watu kama mimi. Nikaanza kusoma usiku baada ya kazi, na jibu halikuwa rahisi nilivyotaka.

Chukua mkulima wa Murang'a anayeuza parachichi Uholanzi. Kontena linafika Rotterdam, linafunguliwa, nusu ya matunda yameiva kupita kiasi. Nani alipe? Mkulima anasema mitambo ya baridi ya meli iliharibika. Mnunuzi anasema matunda yalivunwa vibaya. Mholanzi anaogopa kushtakiwa Kenya, kwa sababu hajui mahakama zetu. Mkenya naye anaogopa kushtakiwa Uholanzi, kwa sababu hajui hata lugha. Kila mmoja anaamini kwamba mwenzake akicheza nyumbani, refa ni mjomba wake. Kwa hivyo wanachagua uwanja wa tatu, sheria ya tatu, na msuluhishi wasiyemjua wote wawili. Kwa watu wenye nguvu zinazokaribiana, hiyo ni busara.

Tena kuna faida nyingine. Hukumu za mahakama husafiri kwa shida. Sheria yetu ya kutambua hukumu za nje ina orodha fupi ya nchi ambazo hukumu zake unaweza kuzisajili moja kwa moja katika Mahakama Kuu ya Kenya: Uingereza, Australia, Malawi, Seychelles, Zambia, na majirani zetu Tanzania, Uganda na Rwanda. Ukiwa na hukumu ya nchi isiyo kwenye orodha hiyo, unafungua kesi mpya hapa ukiitumia kama msingi. Lakini uamuzi wa msuluhishi una pasipoti. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazitaka nchi wanachama kutambua na kutekeleza maamuzi ya wasuluhishi yaliyotolewa kwingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kenya ilijiunga mwaka 1989. Leo wanachama wamepita 170.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mteja wangu hakuniambia katika ile barua pepe ya dakika kumi. Pasipoti hiyo inafanya kazi pande zote. Uamuzi uliotolewa Nairobi unaweza kutekelezwa Uingereza kama vile wa London unavyoweza kutekelezwa Nairobi. Tuna hata kituo cha usuluhishi wa kimataifa hapa jijini, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Kwa hivyo waliposema London, hawakusema kwa sababu Nairobi haiwezekani. Walisema London kwa sababu aliyeandika mkataba ndiye aliyechagua, na mtu akichagua atachagua karibu na kwake.

Mambo haya si mageni pwani yetu. Mwaka 1833, Sayyid Said aliyetawala Oman na Zanzibar alitiliana mkataba wa biashara na Marekani. Humo iliandikwa kwamba Wamarekani wakigombana wenyewe kwa wenyewe katika himaya yake, mwamuzi pekee atakuwa balozi wao mdogo. Miaka michache baadaye balozi huyo alikuwa ameshafika Unguja. Hebu fikiria: wafanyabiashara wako kwenye ardhi ya sultani, wananunua pembe na kopali, lakini ugomvi wao unatoka nje ya mikono ya kadhi na kuingia nyumba ya balozi. Swali la "tukikosana tutaenda kwa nani?" limekuwa likiuzwa pamoja na bidhaa kwa muda mrefu sana.

Kilichobadilika ni nani anayeulizwa. Zamani lilikuwa swali la masultani na wenye meli. Siku hizi anaulizwa dereva wa teksi ya simu, msichana wa kutafsiri, kijana wa Rongai anayehariri video za mtu wa Texas. Na haulizwi kwa kweli. Anaonyeshwa kibonyezo.

Kuna mtu mmoja Kanada aliyekataa. David Heller alikuwa akipeleka chakula kwa gari Toronto kupitia programu ya Uber, akipata kati ya dola 400 na 600 za Kanada kwa wiki. Alipotaka kudai haki zake kama mfanyakazi, kampuni ilimwonyesha mkataba: sheria ni ya Uholanzi, na mzozo utasikilizwa na msuluhishi Uholanzi. Ada ya kuanza tu ilikuwa dola 14,500 za Marekani, nje ya wakili na nauli. Yaani karibu jasho lake lote la mwaka, kwa ajili ya kubisha hodi. Tarehe 26 Juni 2020, Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema kifungu hicho hakifai kisheria. Majaji wengi waliona kwamba mkataba ulioandikwa na upande mmoja, usioweza kujadiliwa, unaoweka bei ya haki mahali ambapo upande wa pili hawezi kuifikia, ni wa kumkandamiza asiye na nguvu. Heller hakuwa ameshinda kesi yake ya msingi. Alikuwa ameshinda tu haki ya kusikilizwa karibu na anakoishi.

Niliposoma hiyo nilimtumia Wakili ujumbe saa sita usiku: UMEONA HII??? Akajibu asubuhi: "Tamu. Lakini hiyo ni Kanada. Hakimu wetu anaweza kuisoma na kuipenda, ila haimfungi."

Basi nikatafuta ya hapa. Wengi tunaijua kwa juu juu. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifanya kazi hapa Nairobi ya kuchuja picha na video mbaya za Facebook, akiwa ameajiriwa na kampuni ya Sama. Mwaka 2022 alishtaki, akaiweka Meta yenyewe kwenye kesi. Meta ikajibu kwamba haijasajiliwa Kenya, haina makao hapa, haifanyi biashara hapa, kwa hivyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Februari 2023, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikakataa kuiondoa Meta kwenye kesi. Kampuni ikakata rufaa. Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa nayo ikasema kesi iendelee hapa.

Nilifurahi kama vile mimi ndiye niliyeshinda. Halafu nikaangalia tarehe tena. Toka 2022 hadi Septemba 2024, na kilichokuwa kimeamuliwa ni mlango: kama kesi inaweza kuingia ndani. Nani mwenye haki, nani alipwe, hayo yalikuwa bado. Motaung alikuwa na mawakili na watu wa kumuunga mkono. Mimi nilikuwa na ankara tatu, na kodi inayodaiwa kila tarehe tano.

Usidhani lakini ni wanyonge tu wanaofuatwa ng'ambo. Wakili ndiye aliyenisimulia kesi ya World Duty Free, tukiwa kwenye matatu tunaelekea mjini, na mama aliyeketi mbele yetu akawa anageuka kusikiliza. Kampuni hiyo ilipata mkataba wa maduka ya viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa mwaka 1989. Baadaye ikadai serikali ya Kenya imeuvunja, ikaipeleka mbele ya ICSID, kituo cha kusuluhisha mizozo ya uwekezaji chenye makao Washington. Mwenye kampuni, Nasir Ibrahim Ali, akaeleza katika ushahidi wake mwenyewe kwamba ili kuupata mkataba alitoa dola milioni 2 kwa Rais Moi, akiziita mchango. Sehemu ya pesa hizo aliingia nazo Ikulu kwenye mkoba. Alipouchukua mkoba wake wakati wa kutoka, alisema, akakuta pesa zimetolewa na mahali pake pamewekwa mahindi mabichi.

"Mahindi?" mama wa mbele akashindwa kuvumilia.

"Mahindi, mama. Mabichi."

Tarehe 4 Oktoba 2006 wasuluhishi wakaitupa kesi. Walisema mkataba uliopatikana kwa hongo hauwezi kutetewa mbele yao. Maneno ya mdai mwenyewe ndiyo yaliyommaliza.

Matatu yote ikacheka, lakini Wakili alikuwa na sababu ya kunisimulia. "Watu huangalia kifungu cha mwisho wakaona yamekwisha," alisema tukishuka. "Kesi ile haikuamuliwa na kifungu cha mahali. Iliamuliwa na jinsi mkataba ulivyopatikana. Soma zile kurasa nyingine tena. Kama huwezi kwenda London, tafuta kitu kilicho Nairobi."

Kilikuwa kifungu cha 8. Nilikuwa nimekisoma awali na kukiona cha kawaida. Kilisema haki zote za kazi zitahamia kwa kampuni "baada ya malipo kamili". Soma hilo polepole. Maneno yangu yanakuwa yao wakishalipa. Kwa ankara zile tatu hawakuwa wamelipa. Na maneno hayo yalikuwa tayari yanatumika, kwenye simu za watu, hapa Kenya, ambako sheria ya hakimiliki ni yetu.

Nilipakua programu yao kwenye simu yangu na kupiga picha kila ukurasa wenye sentensi zangu. Ilinichukua jioni mbili. Ni jambo la ajabu kukutana na maneno yako yakifanya kazi bila wewe kulipwa. "Asante kwa kutuamini," moja ilisema. Niliikumbuka. Nilikuwa nimechagua "kutuamini" badala ya "kuwa nasi" baada ya nusu saa ya kuwaza.

Wakili aliandika barua ya ukurasa mmoja. Haikutaja London wala msuluhishi, haikutukana, haikulia. Ilisema tafsiri za ankara hizi tatu bado ni mali ya mteja wangu kwa mujibu wa kifungu cha 8. Ama mzilipie, ama mziondoe kwenye programu inayotumika Kenya. Picha zikaambatishwa.

Wiki kumi za kimya zikakatika kwa siku mbili. Aliyejibu sasa hakuwa meneja. Alikuwa mtu wa idara ya sheria, mwenye lugha laini kama sabuni. Walikuwa tayari kutoa dola 1,500 "kwa nia njema". Tukavutana. Tukafika 2,400, kwa sharti kwamba nitie sahihi karatasi nyingine ya kurasa mbili: sitadai tena, na sitawataja jina. Ndiyo maana hapa hawana jina.

Wakili alisema uamuzi ni wangu. Tungeweza kusukuma zaidi, alisema, lakini wakikasirika wanaweza kuondoa sentensi zangu, wamtafute mtafsiri mwingine, halafu wanikaribishe London. Ndugu yangu alikuwa ameshatumiwa orodha ya wasiomaliza karo, na wasiomaliza hawafanyi mtihani. Nikatia sahihi. Pesa ziliingia siku ya Ijumaa, laki tatu na kitu, na kufikia Jumatatu karibu zote zilikuwa zimeshakwenda kazini kwao.

Watu wakiniuliza kama nilishinda, nawapa hesabu. Nilifanya kazi ya dola 3,180. Nililipwa 2,400. Dola 780 zilizobaki ndiyo bei ya umbali kati ya Kasarani na kifungu cha 19. Hakuna aliyezipoteza kwa bahati mbaya. Mtu aliyekaa chini kuandika mkataba ule alijua kwamba kwa deni la ukubwa wangu hakuna atakayekuja London, na kwamba kila anayedai atafika mahali akubali kupunguziwa. Ukizidisha 780 kwa watafsiri wa dunia nzima, utaona kwa nini barua yangu ya kuomba Nairobi ilijibiwa kwa dakika kumi.

Tuna kundi letu la WhatsApp, watafsiri na wahariri wa hapa na pale, na siku hizi tunapeana mikataba tuisome pamoja kabla ya mtu kutia sahihi. Si wote wanaoweza kumbadilisha mteja mkubwa. Lakini kuna vitu vitatu tunavyoomba, na mara kwa mara tunapewa kimoja. Sehemu ya malipo itangulie. Kazi igawanywe vipande vidogo, ili deni likikwama liwe la wiki moja na si la miezi mitatu. Na haki zihame baada ya malipo, tena iandikwe waziwazi, kwa sababu hiyo ndiyo silaha usiyohitaji visa kuitumia. Kubadilisha mahali pa kesi tunaomba pia. Tumeshapewa mara mbili. Mmoja aliyetoa aliandika tu: "Sawa, hatukuwahi kufikiria."

Halafu mwaka huu kalamu ikaja mikononi mwangu.

Nilipata kazi kubwa kuliko uwezo wangu, na mteja alitaka Kiswahili chake kisomwe na mtu wa Tanzania pia, kisije kikanuka Nairobi. Nilielekezwa kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Dar es Salaam. Simu ya kwanza tulitumia dakika tano kwenye salamu. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu; akaitikia marahaba, akaniuliza hali, wazazi, kazi, mvua. Mkenya ndani yangu alikuwa anaangalia saa. Mwishowe nikamwambia nitamtumia mkataba.

Nilikaa kuuandika. Vifungu vya mbele vilienda haraka: kazi, bei, muda. Nikafika kile cha mwisho. Vidole vyangu vilijua cha kuandika. Mahakama za Nairobi. Sheria ya Kenya. Ingekuwa rahisi, na Wakili alisema ndilo jambo la kawaida: wewe ndiye unayelipa, jilinde. Na hakuna ambaye angeniita mbaya. Nairobi si London, ni mwendo wa basi.

Lakini mwendo wa basi huo ni siku nzima na usiku wake, kwa mzee wa miaka sitini na kitu, kwa ajili ya deni la laki moja. Nilimpigia nikamuuliza moja kwa moja: mwalimu, tukikosana, ungependa twende wapi?

Alicheka kwanza. "Mwanangu, ndiyo tunaanza kazi, tayari tunakosana?"

"Ni lazima tuandike, mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nikikudai, sina nauli ya kuja Kenya kukushtaki. Na wewe ukinidai, unanijua nilipo. Kwa hiyo njoo wewe."

Wakili alipoona kifungu nilichoandika alishika kichwa. Kilisema sheria ni ya Tanzania na mahakama ni za Dar es Salaam. "Unajitia kitanzi mwenyewe," alisema. Nikamkumbusha ile orodha fupi aliyonifundisha. Tanzania imo. Mwalimu akipata hukumu ya Mahakama Kuu kwao, anaweza kuileta kusajiliwa hapa, nami mali yangu iko hapa: laptopu, akaunti, na jina langu kwenye kundi la WhatsApp. Sikupanga kumdhulumu. Ila mteja wangu wa zamani naye, siku alipoandika London, labda hakupanga kunidhulumu. Aliandika tu mahali ambapo angeweza, siku akiamua. Sikutaka kuwa na mahali kama hapo.

Nikaongeza nusu ya malipo itangulie, nikamtumia.

Mkataba ulirudi kesho yake asubuhi ukiwa na wino mwekundu. Moyo ulinipasuka kidogo. Nikadhani kuna sharti amekataa. Alikuwa amesahihisha Kiswahili. "Mlalamishi" wangu amekuwa "mlalamikaji". Koma mbili zimehama. Neno "invoisi" limezungushiwa duara na pembeni ameandika: *ankara, mwanangu.* Kifungu cha mwisho hakikuguswa. Chini yake alikuwa ametia sahihi.